Mashini Bado Inafikiri Tuko Pweto

Papa Ruti, bwana yangu,

Nina hasira na wewe. Nasema mapema ili usifikiri hii ni barua ya machozi. Nimekaa ndani ya kibanda chetu hapa soko ya kambi ya Mantapala, Zambia, mashini yako iko mbele yangu, mugongo unauma, na vidole vimechoka kutafuta herufi ambazo hazikai pahali nilipozoea. Naandika wazi, kila mutu asome, sababu kila mutu hapa anajua habari yetu na kila mutu amekwisha kunipa shauri. Wewe peke yako ndiye unayenyamaza.

Uliondoka Nchelenge asubuhi na boti ya Kilwa, kwenda kupiga foto za ndoa ng'ambo ya ziwa, upande wa inchi yetu. Ulichukua kamera, simu, na karatasi zako zote mufukoni, sababu mukimbizi hatembei bila karatasi. Upepo ukaamka mukiwa katikati. Wengine waliokotwa na wavuvi. Wewe, kamera, simu na karatasi, ziwa ikabaki navyo, na mpaka leo hatujapata hata kiatu. Pastere aliomba, wamama waliimba, watu wakakula bukari na samaki wakarudi kwao. Lakini kaburi hatuna, na familia yenu wanasema bila kaburi tulilia bure.

Mudogo wako Kabwe alinipigia simu toka kwetu Pweto. "Shemeji," akasema, "mvua ikiisha tunavuka. Tunakuja kumaliza matanga ya yaya, mukubwa wangu." Nikajibu vema, karibuni. Ndipo akanikumbusha desturi yenu, kwa upole, kama mutu anayeweka muzigo chini polepole. Kwenu, mutu ambaye maji yamekataa kumurudisha, foto yake ndiyo inakaa pahali pa maiti. Inawekwa kwenye kiti, inafunikwa na kitambaa cheupe, wakubwa wanaiambia maneno ya mwisho, kisha kitambaa kinatoka na watu wanaruhusiwa kucheka tena. Bila foto, hakuna matanga ya kumaliza. Unabaki mutu aliyetoka na hajarudi. Mi nabaki bibi wa mutu aliyetoka. Na Ruti wetu, ambaye hata meno ya mbele hajamaliza kubadilisha, anaendelea kuinua kichwa kila mutu akitokea njia ya Nchelenge.

"Foto iko wapi, shemeji?" Kabwe akauliza. "Yaya alikuwa fotografe. Fotografe anakosaje foto?"

Foto ya ndoa hatuna, na sababu yake unaijua. Mahari ulitoa, wazee wakakunywa, lakini ndoa ya kanisa ulikuwa unaisogeza mbele kila mwaka sababu, ulisema, wapiga foto wote wa Pweto ni wabaya na hautaki waniharibie siku. Wanawake wengine wanakosa ndoa ya kanisa juu ya feza. Mi niliikosa sababu bwana yangu alidharau kazi ya wenzake. Na simu yangu ni ile ndogo ya kubonyeza, haijui foto. Kama sura yako iko pahali duniani, iko ndani ya mashini, na mashini ilikufa siku ile ile ulipoondoka.

Hata kufa kwake ni mambo yako. Asubuhi ile uliiacha ikiwaka, ikihamisha foto toka pahali hii kwenda pahali ingine, ukaniambia ukiwa kwenye mulango, "Mama Ruti, usiguse, iko inafanya kazi." Ndiyo maneno yako ya kila siku. Miaka yote nilikaa pembeni ya ile mashini. Nilipokea watu, nilikata foto na makasi, nilifagia, na kila mara mukono wangu ukikaribia ulisema, "Acha, utaharibu." Basi sikugusa. Mawingu yakafunika jua, betri ya sola ikalia, ikaisha, mashini ikazimika katikati ya kazi yake. Nilipoiwasha tena ikakataa. Sura nyeusi, maneno meupe ya Kifaransa: NTLDR manque. Hata sasa sijui vizuri NTLDR ni nani, lakini "manque" najua ni kusema anakosekana.

Nilikuwa nimekwisha kuichukia hii mashini toka zamani. Siku tuliyokimbia Pweto, watu walibeba sufuria, magodoro, kuku. Mi nilibeba mutoto na wewe ukabeba sanduku ya chuma, umeifunga ndani ya kitenge changu kizuri, klavie yake ya herufi imening'inia shingoni. Nilikupigia kelele njia nzima mpaka Chienge, upande huu wa mupaka. Ulinijibu mara moja tu: "Sufuria itapatikana. Hii iko na watu ndani." Kule kambi ya Kenani, wakati wenzetu wanapikia sufuria zao, sisi tulikuwa tunaomba kuazima. Kila nikipewa sufuria ya mutu nilikuwa nakuangalia, na wewe ulikuwa unaangalia pembeni.

Klavie ndiyo haikupona. Maji yaliingia, ikakufa herufi moja moja. Tulipohamia hapa Mantapala ulinunua ingine kule Nchelenge, ukakaa siku nzima mbele ya mashini mpaka ukasema, "Imekubali." Mi nikafikiri mambo ya klavie yameisha. Ungeniambia siku ile ulichofanya, ungeniambia tu, leo nisingekuwa na nywele nyeupe hapa mbele.

Bon. Nilifunga mashini kwenye kinga, baiskeli ya jirani, na kamba ya mupira, nikaisukuma, nikapata lifti, nikafika Nchelenge boma kwa Bwana Mwansa, yule wa kutengeneza komputa. Unamufahamu. Kiswahili chake ni cha kununulia samaki, lakini roho yake ni nzuri. Aliiwasha, akaona maneno ya Kifaransa, akatikisa kichwa.

"Awe, bamayo, hapana mama. Hii mashini ni muzee. Tunafuta yote, tunaweka Windows mupya. Leo leo inaisha."

"Na foto?"

"Foto hapana. Foto inakwenda."

Nikamuambia atoe ile disk peke yake, aifunge kwenye mashini yake ya kisasa. Alifungua, akanionyesha waya pana kama mukanda, akasema disk ya namna hii haina waya tena Nchelenge nzima, labda ng'ambo, labda Lubumbashi. Akaanza tena na neno yake ya kufuta. Nikamuambia kama akigusa hiyo kitu nitalala kwenye mulango wake na sitatoka. Hakujua kama nacheka ao nalia. Nikamueleza habari ya kiti na kitambaa cheupe. Akavuta kalenda ya zamani ukutani, akaigeuza nyuma.

"Kuko njia ingine, bamayo, lakini ni ya kuandika. Hakuna kubonyeza picha. Unaandika amri, mashini inajibu. CD ya hii Windows iko?"

CD iko. Uliiweka ndani ya Biblia, mahali pa Zaburi, sijui ulifikiri nini. Lakini ni ya Kifaransa, na Mwansa Kifaransa hapana. Umeme wa boma nao ulikuwa umekatwa siku ile, betri yake yenyewe ikakataa kubeba mashini yetu. Aliniandikia amri zote nyuma ya kalenda, akasema nijaribu nyumbani, nikikwama nipige simu. Nilirudi nayo Mantapala. Maji nilikuwa nimekwisha kuyavulia nguo.

Sikiliza sasa mateso yangu. Unaweka CD, unabonyeza R, sura inakuwa nyeusi yote. Mashini inauliza kwanza: unataka kuingia Windows gani? Iko moja tu, unajibu 1. Kisha inaomba mot de passe, neno ya siri. Unaandika, na haikuonyeshi herufi, inakuonyesha vinyota tu. Ukikosa mara tatu inakufukuza, inajizima, inawaka upya, na CD inazunguka muda wa kuivisha majani ya sombe kabla haujarudi pale pale.

Mot de passe, Papa Ruti. Miaka yote haukuniambia kama kuko mot de passe. Ukiwasha wewe, mashini ilikuwa inaingia tu bila kuuliza. Kumbe kuko mulango wa nyuma, na ule wa nyuma ulikuwa na kufuli.

Nilianza na jina yangu. Usicheke, ni mwanamuke gani hangeanza na jina yake? Maua. Niliandika polepole, M, A, U, A, vinyota vinne, na mashini ikasema si hiyo. Nikaandika Ruti. Si hiyo. Nikaandika Pweto, nikaandika jina ya mama yako, nikaandika timu yako ya mpira. Kila siku jua likiwa zuri na betri imejaa, nilifunga kibanda, wateja wakagonga, nikawaambia leo hakuna kopi, nikaendelea kukutafuta. Jirani wa viazi akauliza mi niko nafanya nini humo ndani. Nikamujibu nasema na bwana yangu. Akaondoka haraka.

Majina mazuri yalipoisha nikaingia kwenye majina mabaya. Yule muuza vitenge wa Pweto, aliyekuwa anakuja kupigwa foto kila mwezi bila ndoa, bila sikukuu, bila sababu. Niliandika jina yake. Nikaomba Mungu ikatae. Ikakataa. Nikashukuru, kisha nikakasirika upya sababu mulango bado ulikuwa umefungwa na mi nilikuwa nimekwisha kujivunjia heshima mbele ya mashini.

Kabwe akapiga simu: familia wamefunga mizigo. Wazee wawili, shangazi yako, na yeye mwenyewe. "Shemeji, foto umepata?" Nikasema niko naitafuta. Nilisikia shangazi yako nyuma yake akisema kama wanawake wa siku hizi hawatunzi vitu. Nilitaka kuvunja simu.

Niliponywa na taa ndogo. Namba 1, ile ya kuingilia, siku zote nilikuwa naiandika kwa zile namba za kando ya klavie, kama ulivyokuwa unafanya wewe ukipiga hesabu. Siku ile taa yake ilikuwa imezimika, namba za kando zikakataa. Nikabonyeza 1 ya juu. Kwenye sura ikatokea hii: &. Nikafuta, nikabonyeza tena. &. Nikapanguza klavie na kanga, nikabonyeza. &.

Hiyo alama niliijua. Ni ya klavie yetu ya kwanza, ya Kifaransa. Kule Pweto, ukitaka 1 unashikilia kwanza kitufe cha herufi kubwa, usiposhikilia inakupa &. Nilikuona ukikosea hivyo mara ngapi, ukitukana kidogo. Ndipo nikaelewa ulichofanya siku ile uliposema "imekubali". Uliiambia Windows kama klavie sasa ni ya Kiingereza. Lakini CD inakuja mbele ya Windows, na CD haikuambiwa. CD haijui kama tulivuka. Kwake yeye tungali Pweto, nyumba ingali na mabati yake, na chini ya vidole vyangu kuko klavie ya Kifaransa. Nikigusa A, yenyewe inasoma Q. Nikigusa M, inasoma mukato. Na sababu ni vinyota tu vinaonekana, ilinidanganya hivyo wiki nzima, na mi nikajidanganya nayo.

Kwa hiyo jina yangu sikuwahi kuiandika. Niliandika mukato, Q, U, Q. Nani anaitwa hivyo?

Nilichora kwenye karatasi ile klavie ya zamani jinsi niliyoikumbuka, safu ya juu A, Z, E, R, T, Y, na M yake ikikaa kule mwisho kando ya L. Nikatafuta kila herufi kwa kidole kimoja. M. A. U. A. Safari hii ilikuwa jina yangu kweli. Mashini ikasema si hiyo. Nikaandika ya mama yako vizuri, ikakataa. Nikaandika Pweto vizuri, ikafukuza. Nilitoka nje nikakaa juu ya mutungi. Kukataliwa na mashini isiyokusikia ni kitu kimoja. Kukataliwa baada ya kusikilizwa ni kitu kingine.

Nikapigia Mwansa. Nikamueleza klavie, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Bamayo, bwana wako alikuwa mutu wa kufikiri sana juu ya siri?"

"Hapana. Alikuwa mutu wa kufikiri juu ya mwanga."

"Basi ni muvivu kama sisi. Hapa batu mingi wanapitisha tu kidole juu: q, w, e, r, t, y. Hiyo ndiyo siri ya Zambia yote. Kwenu safu ya juu inaanzaje?"

Nilikata simu bila kumuaga, atanisamehe. Nilibonyeza vitufe sita vya juu toka kushoto, bila kuangalia vimeandikwa nini. Azerty. Mashini ikafungua.

Papa Ruti. Nimekaa wiki nzima nagombana na wewe juu ya majina. Nimekutukana na muuza vitenge, mwanamuke wa watu, hana kosa. Na wewe haukuweka jina ya mutu yeyote. Ulipitisha kidole kama mutu anayepanguza vumbi kwenye meza. Nilitamani urudi dakika moja tu, nikupige na ile klavie, kisha uende zako.

Lakini mulango kufunguka si kufika. Amri ya kwanza ya Mwansa ilikuwa ya kukagua disk yote: chkdsk, halafu mufito wa kulala, halafu r. Ule mufito wa kulala kwenye klavie ya Kifaransa uko wapi? Niligusa kila kitufe, kimoja kimoja, kisha tena nikishikilia kile cha herufi kubwa. Nilipata alama za kuuliza, za kushangaa, mabano, kila kitu isipokuwa mufito. Nilipoupata ulikuwa umejificha juu ya nukta. Ukaguzi ukaanza. Ulikuwa unatembea kama muzee anayepanda mulima, unasimama, unapumua, unaongeza moja. Ulipokuwa umepita nusu mbali sana, wingu likaja. Betri ikalia. Niliiangalia tu. Ningefanya nini, nipige makofi kufukuza wingu? Ikazimika.

Siku iliyofuata nilikodi betri ya pili kwa kinyozi, tukazifunga pamoja, nikaanza upya: R, moja, kidole juu ya safu, chkdsk, mufito. Hapo nilikuwa naandika bila kuangalia, kama wewe. Ukaguzi ukafika mwisho. Ikabaki kumurudisha huyo NTLDR anayekosekana, kumutoa kwenye CD na kumuweka pahali pake, kisha kutengeneza mwanzo wa disk kwa amri ingine, fixboot. Hiyo ya mwisho mashini ikaniuliza kama nina hakika. Kalenda ya Mwansa inasema jibu Y. Nikajibu Y. Haikusogea. Y, Y, Y. Nilikuwa karibu kulia ndipo nikasoma vizuri: O ao N. Inataka "oui". Tuko Pweto, Maua, nikajiambia, jibu Kipweto. Nikabonyeza O.

Nikatoa CD. Nikawasha. Kile kilima cha Windows cha majani mabichi na mawingu yake kikatokea, na ule wimbo mufupi wa kuingilia ambao ulikuwa unaupiga mluzi. Jirani wa viazi alinisikia nikilia, akaja, akakuta mashini inawaka, akarudi kwake bila kuuliza kitu.

Ulisema kweli, watu wako ndani. Pweto yote iko ndani. Bibi harusi na viatu vya kuazima, wanafunzi wa komunyo, yule mulinzi wa soko na sare yake, mama yako akikataa kucheka. Watoto ambao leo ni marehemu, wamekaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha bluu. Nilipita mwaka baada ya mwaka. Nilifungua kila kitu ulichokipa jina, ndoa, ubatizo, karatasi, mazishi. Wewe hamna. Hata nyuma ya watu, hata upande, hata kwa makosa. Betri ikalia na wewe haumo.

Kabwe akatangulia wazee, akafika peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimupa maji. Nikamuambia, "Shemeji, nimeifungua. Hayumo." Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye kigoda chako, kofia mikononi, akasema, "Basi yaya atabaki majini." Ruti alikuwa amesimama pale, akasikia. Nilikuchukia wakati ule, nakuambia kweli. Nilichukia macho yako yaliyokuwa yanaona kila mutu na hayakukumbuka kama na wewe una sura.

Kabwe akaomba tu aone foto za mama yenu. Nikamupa nafasi. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na hii 'Lumière' ni nini?" Nilikuwa nimeiruka. Nilifikiri huo 'mwanga' ni mambo ya taa zako, bei za taa, sijui. Akafungua.

Ndani nilikuwa mimi. Unakumbuka? Kila kabla muteja hajakaa, ulikuwa unanivuta: "Kaa hapo kidogo, nipime mwanga." Nikakaa na unga mikononi, nikakaa na makasi, nikakaa na tumbo la Ruti, nikakaa nimenuna kabisa sababu sombe inaungua. Ulikuwa unapiga moja, unaangalia, unasema "tayari, ondoka", na muteja anakaa. Nilikuwa nafikiri mi ni kipimo tu. Ziko nyingi mpaka mashini inasita kuzionyesha. Pweto, Kenani, hapa. Nazeeka polepole mbele ya kile kitambaa. Nilitaka kufunga, nilikuwa naona haya mbele ya shemeji yangu. Kabwe akashika mukono wangu, akasema, "Ngoja. Rudisha."

Kwenye ile foto nimekasirika, kitambaa changu cha kichwa kimeanguka upande. Na toka kando unaingia mukono wa kushoto, unakirudisha pahali pake, wakati wa kuume unabonyeza. Kidole cha mwisho kimepinda. "Kilivunjika tukicheza mpira," Kabwe akasema. "Mama alikifunga na kijiti, kikapona vibaya." Aliweka kidole chake juu ya sura ya mashini, pale kwenye kile cha kwako. "Ni yeye. Wazee watakubali. Mukono wake wanaufahamu kuliko uso."

Lakini unajua desturi. Sura ya mutu aliye hai haikai kwenye kiti cha matanga, ni kumuita afuate. Kabwe aliona haya kusema, akazunguka maneno. Nikamuambia nimeelewa. Nilifungua ile programu yako ya kukata foto, nikajikata mwenyewe. Uso wangu ukatoka, shingo ikatoka, kukabaki mukono na kipande cha kitambaa, na nyuma yake bluu. Printa yako ya zamani ikalia kama kawaida yake, ikatoa. Kabwe akaipokea kwa mikono miwili.

Kesho wanakukalisha. Nitapika, nitavaa nguo nyeusi mara ya mwisho, na Ruti atakaa karibu na kiti, ndivyo wazee wamesema. Bado nina hasira. Kila mara nilikuuliza, "Ile yangu umeifuta?" sababu sikupenda kubaki ndani ya mashini na sura ya kununa, na wewe, jicho kwenye kamera, ulinijibu, "Nimekwisha kufuta, Mama Ruti." Muongo mukubwa. Haukufuta hata moja.

Pumzika sasa, wazee wakikuruhusu. Watu watauangalia huo mukono, watalia, watasema alikuwa mutu wa kazi, tazama ameshika kitambaa chake. Kichwa cha nani kilikuwa chini yake, hawatauliza.

Mi niliyekaa mbele ya mwanga wako,
bibi yako, Maua, Mama Ruti